Lori Lililokuwa Likinywa Maji

Siku ya tatu ya msiba wa mume wangu, wanaume wakiwa barazani na sisi wanawake tumo ndani, nilimsikia mzee Famau akisimulia habari za lori. Famau alikuwa utingo wa mume wangu, Lali, huko Kisimayu enzi za Wataliani, na hatukuwa tumeonana naye kwa miaka mingi mpaka alipopanda basi kutoka Malindi kuja Mombasa kuzika. Sauti yake ilikuwa imezeeka lakini hadithi haikuzeeka. Alisema lori kuukuu la tajiri lilikuwa likipoteza maji na hakuna aliyejua yanakwenda wapi. Fundi wa Kitaliani akashindwa, akasema ni la kutupwa. Ndipo Lali akasimama kimya mbele ya injini, akaisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, akaweka kidole pale pale penye tundu. Wanaume wakasema mashaallah. Mwanamke aliyekaa karibu nami akanishika mkono, akaniambia, "Ulikuwa na mume fundi, Bi Barke." Nikamjibu ndiyo, alikuwa fundi. Msibani si mahali pa kusahihisha hadithi, tena aliyekufa alikuwa wangu na nilimpenda. Lakini tangu siku ile mambo ya mwaka ule yananirudia moja moja, na kwa kuwa hayupo tena wa kubishana nami, nayaandika kama nilivyoyaona.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Koyama kuolewa mjini. Waingereza walikuwa wameshaondoka na Wataliani wamerudi, safari hii wakisema wenyewe kwamba wamekuja kwa muda tu, na kuta za mji zilijaa karatasi za matangazo ambazo sikuweza kuzisoma. Nilichokijua ni nyumba. Ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mrefu ulioishia uani. Chumba cha mbele alilala mavyaa wangu, mama yake Lali, jina lake Mwana Kombo, na cha nyuma tulilala sisi. Uani palikuwa na jiko, kisima cha maji ya chumvichumvi, na lori. Tajiri hakuwa na pa kuliweka, kwa hiyo kipande cha ukuta wetu kilibomolewa likaingizwa, na likishaingia hapakubaki nafasi ya kuanika nguo isipokuwa kwenye kamba iliyopita juu ya mgongo wake. Nilipika, nikafua na kuteka maji nikitazamana na lori. Miezi minne ya kwanza nadhani nililitazama kuliko nilivyomtazama mume wangu, maana yeye alikuwa mtu wa maneno machache na mimi nilimwonea haya. Akimaliza kula alisema, "Alhamdulillahi." Akitoka alisema, "Haya." Akirudi aliuliza kama mama yake amekula. Sikujua bado kama ukimya ule ni ukali, au ni haya kama zangu.

Lakini na lori alizungumza. Kila asubuhi baada ya sala alifungua boneti, akachukua vipande vya leso nzee alivyovichovya kwenye mafuta ya taa, akaipangusa injini yote, juu na ubavuni na nyuma kule mkono unakofika kwa shida, huku akiisemesha kwa sauti ya chini ambayo mimi sikuwahi kusemeshwa nayo. Nilikuwa nikikoka moto na kusikiliza. Lilikuwa lori la kabla ya vita. Palipobanduka rangi ya buluu, rangi ya kijani ya jeshi ilichungulia. Lilipeleka sukari na chumvi na mafuta ya taa vijijini kando ya mto Juba, likarudi na mahindi, ufuta, na pengine ndizi zilizokataliwa kwenye mashamba ya Wataliani. Watu wa mtaa walimwita Lali "bwana dereva", na mama yake alipolisikia neno hilo alijifanya hakusikia ili lirudiwe. Nilielewa baadaye kwa nini. Mume wake alikuwa amekwenda Adeni kufanya kazi melini, akaleta barua mbili, basi. Dereva wa lori hulala kwao.

Shida ilianza wakati wa joto. Siku moja Lali alirudi adhuhuri, uso umekauka vumbi, akaketi kwenye kizingiti cha jiko kumweleza mama yake, nami nikikoroga baasto, zile tambi za Kitaliani, kwenye tui na vipande vya nguru. Nadhani alidhani sisikilizi. Lori lilikuwa limechemka mara tatu baina ya mto na mji. Walitia maji yao yote, yakaisha. Wakaanza kuomba ya abiria. Mama mmoja wa Kisomali mwenye mtoto mgongoni alikikumbatia kibuyu chake akasema, "Gari lako linakunywa kuliko ngamia, na ngamia hunipa maziwa." Abiria wakacheka, Lali peke yake hakucheka. Mwishowe yule mama alitoa nusu, akamtazama akiyamimina kwenye ule mdomo wa chuma kama mtu anayetazama maji yakimwagwa mchangani.

"Na mai hayo yaenda wapi?" mavyaa aliuliza.

"Sijui, mama. Asubuhi nalijaza hadi shingoni. Natazama chini, hapana hata tone."

Niliendelea kukoroga, lakini swali lile lilikuwa limeniingia. Kisiwani kwetu nililelewa na wanawake waliojua habari za kila kata ya maji. Tulijua kisima kipi kitamu baada ya mvua, kipi cha kuoshea vyombo tu, mtungi upi unatoka jasho na upi umepasuka. Mtungi ukipungua bila mtu kuchota, nyumba nzima haitulii mpaka sababu ijulikane. Maji kuondoka bila kuonyesha njia yao, hilo kwangu halikuwa jambo la lori. Lilikuwa jambo la nyumbani, na sikupenda kutolijua.

Wiki zile mbili uani palikuwa kama zahanati. Kwanza alikuja Fundi Kassim, mfua bati, akaifungua rejeta, lile sanduku la mbele lenye vijibomba vingi linalopoza maji, akaiziba kwa risasi ya kuyeyusha mahali pawili palipoonekana pamechoka. Lori likaenda mtoni, likarudi limechemka. Lali akabadilisha mipira ya maji. Likachemka. Akabadilisha kifuniko. Likachemka. Mwisho wakalivuta mpaka kwenye karakana moja ya mashamba ya ndizi, akaliangalia fundi wa Kitaliani ambaye kila mtu alimwita Sinyori tu. Lali alitusimulia jioni ile kwa unyonge, akiwa hajagusa chakula. Sinyori hakuwa mtu mbaya. Alivaa miwani, akatazama kila mahali, akamwambia kwa Kisomali cha kuvunjikavunjika kwamba maji hayafi, kama hayatoki nje basi yanaingia ndani, na kama yanaingia ndani basi kichwa cha injini kimepasuka. Kichwa kingine cha injini ya umri ule kingeagizwa kwao Italia, na huenda huko pia hakipo.

"Nilimwambia, yangekuwa yanaingia ndani yangechanganyika na mafuta, na mafuta yangegeuka kama chai ya maziwa," Lali alisema. "Mafuta yangu ni meusi, safi. Akasema pengine yanatokea kwa moshi. Akapandisha mabega."

Kesho yake tajiri, Mzee Awadhi, Mwarabu mpole aliyekuwa na duka karibu na gati, alimwita Lali akamwambia kwamba ifikapo Alhamisi ya wiki ya pili watu wa karakana watakuja kulichukua lori wapate vyuma. Hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba gari lisilofika mtoni si gari. Lali alirudi, akaingia chumbani, nikamsikia akimwambia mama yake kupitia pazia, "Kuna meli inataka watu, mama. Ya Adeni." Mavyaa alikuwa akichambua mchele, na nilikuwa karibu yake: mkono wake uliendelea kuchambua pale pale palipokwisha kuwa safi.

Sasa nifike kwenye vitambaa. Lali alivitundika kwenye misumari ukumbini akishamaliza kupangusa, na mara moja kwa wiki nilivifua kwenye ndoo ya peke yake. Ijumaa ile nilipovikusanya, kimoja kilikataa kukunjika. Vingine vyote vilikuwa laini, vyeusi, vinanuka mafuta. Hiki ukingo wake ulikuwa mgumu kama kambare mkavu, na juu ya weusi palikuwa na weupe kama unga. Nilikipeleka kwenye mwanga. Ule weupe niliujua. Niliuona kila siku ndani ya birika letu na pembeni mwa sufuria, kwa sababu ya kisima chetu. Ukichemsha maji yale mpaka yakauke yanaacha ngozi nyeupe. Nikakigusa kwa ncha ya ulimi. Nyuma ya mafuta ya taa kulikuwa na chumvi.

Nilikaa pale kwenye kigoda nimeshika kitambaa kwa muda mrefu, na nakumbuka vizuri kwamba sikufurahi kwanza. Nilishangaa tu, kwa namna tamu ambayo sikuwahi kuipata tangu nije mjini. Niliona mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, maji yalikuwa yakitoka nje, si ndani, na Sinyori alikosea. La pili, yalikuwa hayafiki chini, kwa sababu yalitokea mahali pa moto na kukauka hapo hapo, na alama yaliyoiacha ilikuwa ikifutwa kila asubuhi na mtu mwenyewe aliyekuwa akiitafuta. Usafi wake ndio uliokuwa ukimficha.

Lali aliporudi kutoka sala ya alasiri nilimngoja ukumbini. Nilikuwa sijawahi kumwuliza swali la kweli, la kutaka kujua. Nikamwuliza, "Lori mnalitia maji ya kisima gani?"

Akanitazama kana kwamba kigoda kimezungumza. "Hiki chetu. Tukifika mtoni, ya mto."

"Na kitambaa hiki unapangusia wapi?"

Akakishika, akakigeuza. Alisema kila kitambaa kina mahali pake. Hiki ni cha ubavu wa nyuma, chini ya bomba la moshi, kule kusikoonekana, anapeleka mkono kwa kupapasa. Nikamwambia akiramba. Alikataa, kisha akakiramba. Nikaona uso wake ukibadilika polepole, si kwa furaha bali kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

"Kesho usiipanguse," nilimwambia.

"Nitakaa vipi bila kuipangusa?"

"Kaa tu."

Hakuipangusa siku mbili, ila kila jioni aliiwasha kidogo. Nilimwona asubuhi akizunguka lori mikono nyuma, kama mtu aliyekatazwa tumbaku. Siku ya tatu, saa nne, jua limekwisha kupanda, alilijaza maji ya kisima akawasha injini tuingoje ipate moto. Jiko langu likajaa moshi na wanawake wa jirani wakaja kuchungulia penye ukuta uliobomoka. Lali alijikunja akatazama chini ya bomba la moshi, akaniambia haoni, bomba linaziba, na kichwa hakipiti. Kichwa changu kilikuwa kidogo kuliko chake, lakini nacho hakikupita. Nikakumbuka kioo cha wanja cha mavyaa, kioo cha mviringo chenye mkono wa mfupa, naye akajua ninakwenda kukiomba kabla sijafungua mdomo. Tangu asubuhi alikuwa amesimama mlangoni amejifunika leso hadi kidevuni.

"Mke wa mchu hatambai chini ya gari, Barke," alisema; kwetu mtu ni mchu. "Watu wako pale ukutani wanatazama."

"Najua, mama."

Macho yake yakaiendea ile meli ya Adeni, ambayo haikuwapo pale; nilijua anafikiri nini. Kisha akaingia chumbani kwake, akatoka na kioo, akanipa kwa mkono wa kushoto kama kitu asichotaka kuonekana anatoa. Halafu akaenda penye ukuta, akasimama palipobomoka, akaitandaza leso yake mikono yote miwili kama anaikung'uta vumbi, na aliikung'uta muda wote niliokuwa chini.

Nililala chali juu ya gunia. Sijasahau jinsi ulimwengu ulivyo kutoka pale: mlio unaoingia mgongoni kupitia ardhini, joto linaloshuka usoni, na vitu vyote ambavyo kwa juu nilidhani ni kimoja, vikiwa vingi, kila kimoja na kazi yake. Nilipeleka kioo taratibu nyuma ya bomba, nikakigeuza mpaka kikapata mwanga. Pale ubavuni mwa injini palikuwa na visahani vidogo vitatu vya bati vilivyogongomewa kwenye matundu, mfano wa vifuniko vya makopo, na cha katikati kilikuwa na ndevu nyeupe za chumvi zinazoshuka chini. Nikangoja. Lali akakanyaga mafuta kidogo. Kwenye ukingo wa kile kisahani likaota tone, dogo kama jasho la puani. Likavimba, likatetemeka, likaanza kushuka, na kabla halijasafiri urefu wa ukucha lilikuwa limekwisha kuwa mvuke. Likaota lingine. Nililitazama hilo nalo, na la tatu, na la nne, ingawa nilikuwa nimeshapata jibu. Sikutaka kutoka.

"Barke," aliita. "Umeungua?"

"Njoo uone," nilisema, nikamwachia gunia, nikamshikia kioo.

Kisahani kilitoka kwa kugongwa na ncha ya patasi; kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka kikawa karatasi. Chumvi ya kisima chetu ilikuwa ikikila kwa ndani miaka yote hiyo. Fundi Kassim alikata kipya kutoka kwenye ganda la shaba la kombora, masalio ya vita ambayo mafundi wote wa mji waliyahifadhi, na Lali akakigonga mpaka kikaingia. Siku hiyo tulidhani tumemaliza. Injini ilipopata moto kilifyatuka kama kizibo, maji yanayochemka yakamrukia Lali mkononi kuanzia kiwiko mpaka kidole gumba. Alikwenda kisimani, akautia mkono kwenye ndoo, akasema bila kugeuka, "Jumatatu leo." Alhamisi ilikuwa karibu. Nilimpaka ute wa yai na asali, ngozi ikitoka vipande vipande, na ndiyo mara ya kwanza niliyoushika mkono wake muda mrefu namna ile mchana, mama yake akiona.

Jumanne nilikiokota kile kisahani kibovu kwenye mchanga nikampelekea Fundi Kassim mlangoni, nimesimama kando na uso nimefunika. Nilitaka kujua kwa nini cha zamani kilikaa miaka yote na kipya hakikukaa saa moja. Fundi Kassim alikiweka juu ya kiganja, akakilaza, akakisimamisha, akakisogeza machoni. Alikuwa mzee mwenye vidole vilivyopinda, na hakuharakisha kitu.

"Hiki hakikukatwa bapa, binti," alisema mwishowe. "Kilikuwa na kitumbo. Tazama hapa katikati palipobonyea. Walikitia tunduni kikiwa kimetuna, ndipo wakakigonga tumbo. Tumbo likirudi ndani, kingo zinakwenda nje, zinakaba."

Alinikunjia kipande cha bati kwenye kidole gumba ili nione: kilichotuna, ukikibonyeza, kinapanuka. Nilikibonyeza mara nyingi njiani nikirudi nyumbani. Fundi Kassim alikata kingine, akakifua kikatuna, akaja nacho mwenyewe, na kwa kuwa mkono wa Lali ulikuwa umefungwa, alikigonga yeye pigo moja tu la katikati, likasikika zito. Tukajaza maji, safari hii si ya kisima. Niliwaambia watie ya mvua tuliyokuwa nayo kwenye pipa la kunywa, na mavyaa akayachota mwenyewe. Injini iliunguruma kutoka saa tatu mpaka adhuhuri. Lali alifungua kifuniko kwa kitambaa, akachungulia, akaniita nichungulie na mimi. Maji yalikuwa pale pale shingoni.

Alhamisi alikuja Mzee Awadhi na mtu wa karakana. Walikaa ukumbini na mimi nikatayarisha kahawa nyuma ya pazia. Nje lori lilikuwa linaunguruma tena, na mtu wa karakana alikuwa ameshalizunguka na kutikisa kichwa. Nilimsikia Mzee Awadhi akicheka kwa raha, akiuliza, "Nani aliyeona?"

Nilikuwa nimeshika sinia ya vikombe. Nakumbuka kwamba nilisimama wima zaidi.

"Mimi," alisema Lali. "Niliisikiliza, nikajua."

Mzee Awadhi akamwombea dua, akamwambia lori ni lake kuendesha mpaka mmoja wao atakapokufa. Nilipeleka sinia mpaka kwenye pazia, mavyaa akaipokea na kuiingiza. Nilirudi jikoni nikaepua wali, nikapakua papa wa kukaanga, nikaweka limau, vyote kama kawaida. Watu wengi wameniuliza maishani kama nina hasira za haraka, nami hujibu sina. Siku ile nilikuwa nazo, ila zilikuwa zimekaa kimya kama mimi.

Wageni walipoondoka tulikula, Lali na mama yake mbele ya sinia moja nami pembeni. Mavyaa alimega tonge, akalishika bila kulitia mdomoni.

"Yule aliyeona, alikuwa weye?"

Lali akaacha kula. "Ningesemaje, mama? Kwamba mke wangu alilala chini ya lori, injini inawaka, watu wanatazama? Kesho mji mzima ungekuwa na maneno. Nimemsitiri."

"Watu niliwaziba mimi," alisema mavyaa. "Na leso yangu."

Lali akanigeukia, na kwa kuwa alinitazama nikasema, nikiwa nimeshusha macho kwenye sinia, "Unaona haya kwa lipi? Kwamba nililala chini, au kwamba niliona?"

Alifikiri kweli, hilo namkubalia. Angeweza kunikemea, na mimi ningeshindwa, maana nilikuwa mgeni katika nyumba yao. Lakini alifikiri mpaka wali ukapoa, kisha akasema, "Sijui." Nimeishi naye miaka hamsini baada ya siku hiyo, na kila nilipomkasirikia nilikumbuka kwamba hakutunga jibu.

Famau alikuwa uani wakati tajiri anauliza, akamsikia Lali akisema "mimi", akaenda na hadithi hiyo sokoni kabla kahawa haijapoa. Ndiyo aliyoifikisha Mombasa. Simlaumu. Alisimulia alichokisikia.

Siku tatu baadaye Lali alituambia tujitayarishe, mimi na mama yake, twende naye mtoni. Tulikaa watatu mbele, mavyaa dirishani, mimi katikati, magunia ya chumvi nyuma na Famau juu yake. Sikuwahi kutoka mji ule tangu niletwe. Nilitazama vichaka, mbuga, ngamia waliogeuza shingo, na nilitazama pia ile sindano ndogo ndani ya kijisaa cha mbele ya dereva inayoonyesha joto, ambayo Lali alinionyesha kwa kidevu bila kusema. Ilipanda mpaka nusu, ikakaa. Mahali lilipokuwa likichemka, pa kwanza na pa pili na pa tatu, alipataja kila tulipopapita. "Hapa," alisema. "Na hapa." Kufika kwenye kivuko, mavyaa alishuka akasema mgongo wake umekuwa wa mchu mwingine, akaenda kukaa kivulini na wanawake waliouza maziwa.

Pale kivukoni palikuwa na lori jingine, boneti wazi, mvuke unatoka kama jiko la harusi. Dereva wake, Msomali mrefu aliyeitwa Nuur, aliliona letu likisimama bila mvuke, akaja huku akijifuta mikono. Alikuwa amesikia kwamba limekufa. Alimwuliza Lali alifanyaje, alisikia nini, alijuaje, na la kwake nalo linakunywa maji wiki ya pili na chini hapana tone.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa lori, nimejifunika buibui. Lali alisita. Niliuona mkono wake wenye bandeji ukishika ukingo wa dirisha.

"Mimi sikuona," alisema. "Aliona mke wangu. Muulize mwenyewe."

Nuur alingoja kidogo aone kama ni mzaha. Kisha, kwa adabu, akitazama chini mbele ya miguu yangu, akaniuliza kwa Kisomali, "Dada, la kwangu litakuwa linatokea wapi?"

Nikamwuliza anatia maji ya wapi. Nikamwuliza kama anapangusa injini. Akasema hapangusi kitu, hana wakati huo. Basi nikamwambia alama itakuwapo, nikapita mbele yao, nikashika ukingo wa boneti kwa ncha ya buibui maana chuma kilikuwa moto, nikainama. Injini yake ilikuwa chafu, tope na mafuta na manyoya ya kuku, na katikati ya uchafu wote ule, chini ya feni, kwenye pampu ya maji, palishuka mstari mweupe mwembamba, umenyooka. Niliuona kabla hajamaliza kunieleza safari yake. Sikumwambia mara moja. Nilibaki nimeinama kidogo, nikitazama kila kilichokuwa humo.